Ubavu wa Kulia

Kufikia saa nne asubuhi Inspekta Shadya Khalfani alikuwa ameshatazama matako ya nyani mia mbili na kumi na nne, na chui bado hajamwona.

Picha zilikuwa mia sita na arobaini, zote ndani ya kadi moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kamera iliyozipiga ilikuwa imefungwa kwenye shina la mti, kando ya njia ya wanyama, katika msitu mmoja huko kusini, na kazi yake ilikuwa kupiga picha kila chenye joto kilichokatiza mbele yake. Kamera ya namna hiyo haina adabu wala uchaguzi. Wakipita nyani hamsini inawapiga wote hamsini, na wengi inawapiga wakiwa wameshaipa mgongo. Shadya alizaliwa Ilala, akakulia Ilala, na mnyama pekee asiyefugwa aliyemfahamu vizuri ni panya wa mitaroni. Alibonyeza, akabonyeza tena, na kidole kikaanza kufa ganzi.

Pembeni yake aliketi Jovitha, mwanamke mwembamba wa makamo aliyejifunga kitenge cheusi. Kadi ile ni yeye aliyeileta. Mumewe, Wilbert, alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, na kamera zote za msitu ule alizitunza yeye. Tarehe kumi na tatu Machi alikwenda kwenye kamera, akatoa kadi iliyojaa, akaweka tupu, na ile iliyojaa akarudi nayo nyumbani. Tarehe kumi na nne aliingia tena msituni, na jioni akakutwa amekatwa mapanga, hatua kumi tu kutoka kwenye mti wa kamera. Kamera ilikuwa imeng'olewa. Palikuwa na mtego wa waya uliokatwa, na damu ya mnyama kwenye majani, ila mnyama mwenyewe hakuwapo. Miezi mitatu ilipita bila kukamatwa mtu.

Halafu wiki iliyopita fundi cherehani mmoja wa Ilala alinunua godoro la futi tano Kariakoo, akafika nalo kwake, akafungua kamba, na katikati ya godoro akakuta ngozi ya chui. Muuzaji alikuwa amembebesha godoro lisilo la kuuzwa. Mwenye duka, Heriel, mfanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Mchikichi, hakubabaika. Alitoa hati ya serikali ya mwaka 1997 iliyoonyesha kwamba marehemu mjomba wake, kiongozi wa kikundi cha ngoma, aliruhusiwa kumiliki ngozi moja ya chui. Hati ilikuwa halali, mihuri yote mahali pake. Ngozi nayo ilionekana kuukuu, imekolea moshi na mafuta, kichwa kimekatwa. Shadya aliuliza mikoani kama kuna chui aliyewindwa karibuni, akapewa habari za Wilbert, na Jovitha akaitwa na kadi yake. Maabara iliomba wiki sita. Mkuu wa kituo alimpa Shadya mpaka saa kumi alasiri ya siku ile. Baada ya hapo wakili wa Heriel angeondoka na mteja wake mkononi na ngozi kwapani.

Shadya aliliona jambo hilo kwa namna moja tu, na ndilo lililomwamsha kabla ya adhana. Chui aliyekufa mwaka 1997 hawezi kupigwa picha mwaka huu. Ikiwa mnyama wa kwenye kadi ndiye mwenye ile ngozi, basi hati ni ya ngozi nyingine iliyokwisha kuoza zamani, na aliyempelekea Heriel mzigo alisimama pale pale alipofia Wilbert. Ikiwa siye, Jovitha angerudi kusini bila jina la muuaji, na faili la mumewe lingeenda kulala kabatini pamoja na mengine.

Alibonyeza. Madoa yakajaa kioo kizima, meusi juu ya manyoya ya rangi ya mchanga, na Shadya akasimama ghafla hata kiti kikaanguka nyuma yake.

"Huyu hapa."

"Kanu huyo," alisema Jovitha, bila kutikisika. "Amekaribia mno kamera, ndiyo maana unamwona mkubwa. Tazama mkia, una pete mpaka ncha. Kwa uzito hamfikii paka wa jirani."

Shadya aliokota kiti, akaketi. Picha hamsini baadaye alipata mwingine mwenye madoa, mrefu, amesimama wima, na safari hii alijizuia kusimama. Jovitha alimwambia huyo ni mondo: aangalie miguu mirefu na masikio, maana chui hana masikio makubwa namna ile. Aliyefuata, mnene, mwenye kinyago cheusi usoni, alikuwa fungo, ambaye si paka hata kidogo ingawa watu wengi humwita hivyo. Akapita nungunungu. Akapita nyegere, kichwa chini, na mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Mjane yule alikuwa akiwataja wote kabla picha haijafunguka vizuri. Kila mwezi, alieleza, Wilbert alikuwa akileta kadi nyumbani, nao wakizichambua pamoja mezani baada ya chakula, yeye akitaja, mume akiandika.

Ilipofika picha ya mia tano na kumi na moja Jovitha hakutaja kitu, na Shadya akageuka kumtazama yeye badala ya kioo. Machozi yalikuwa yamemlenga. Kwenye kioo chui alikuwa akipita mbele ya kamera, ubavu mzima wazi, jua la asubuhi limempiga sawasawa. Chini ya picha kulikuwa na mstari mweusi wenye maandishi meupe: tarehe kumi na moja Machi ya mwaka huu, saa moja na dakika nane asubuhi.

"Wilbert alimwita Mama Mkwe," alisema Jovitha. "Ukikutana naye njiani unainamisha macho, unampisha."

Shadya alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili kituoni, kisha akaanza kukimbizana na saa. Picha za mnyama yule zilikuwa tatu, mbili kati ya hizo ni mkia na ukungu, kwa hiyo alinakili ile moja safi kwenye flashi. Kadi yenyewe ilikuwa kielelezo cha kesi ya mauaji. Ilitiwa kwenye bahasha mbele ya shahidi, ikafungwa kwa lakiri, ikasainiwa na watu wawili, na kuanzia hapo ingefunguliwa kwa amri ya mahakama tu. Mtaalamu aliyekuwa akija kuilinganisha picha na ngozi alikuwa ameagiza karatasi kubwa, yenye urefu wa mkono. Printa ya kituo ilikuwa imekauka wino tangu Pasaka.

Kwenye benchi la korido alikuwepo Safari, mdogo wake marehemu, kijana wa miaka kama ishirini na minane, aliyemsindikiza shemeji yake kutoka kusini. Alikuwa mwepesi wa kusaidia. Tangu asubuhi alikuwa ameshaleta maji na maandazi, na ameshauliza mara mbili kama shughuli itaisha leo, kwa sababu basi lao ni la kesho alfajiri. Shadya alimwambia amsimamie shemeji yake, akatoka mbio.

Amira alikuwa na kibanda cha kuchapa fulana Mtaa wa Sikukuu, upana wa mlango mmoja, katikati ya muuza vitasa na muuza mapazia. Ndani kulikuwa na kompyuta, printa kubwa, na mashine ya kubana fulana kwa moto, yenye joto la kutosha kuwafukuza wateja wasio na haja. Alipomwona chui kwenye kioo alipiga mluzi. Shadya alimwambia anataka huyo huyo, mkubwa kuliko wote, rangi kali, kwenye karatasi. Simu ya mkuu wa kituo ikalia. Akaenda kuisikilizia nje, maana spika ya jirani ilikuwa ikitangaza mapazia ya buku tano tano, na aliporudi karatasi ilikuwa tayari imeviringishwa. Alilipa, akaondoka, na flashi akaiacha imechomekwa kwenye kompyuta ya watu.

Kituoni Jovitha aliifunua karatasi kidogo, akakunja uso. Alisema huyu hamwoni kama yule waliyemtazama, na mbona anakwenda bondeni, wakati saa zile Mama Mkwe hutoka bondeni kupanda kwenye mawe. Shadya alimjibu kwamba mnyama huenda anakotaka, tena alijibu akiwa anatembea.

Mzee Ansbert alifika saa sita kamili, amevaa kofia ya pama na kubeba mfuko wa nailoni. Shadya alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa "Marahaba" na mtu ambaye macho yake yalikuwa yameshatangulia kwenye ngozi. Miaka thelathini ya utumishi aliimaliza kwa kuwahesabu chui kwenye picha, na sasa, akiwa mstaafu wa Tabata, aliitwa mara moja moja pale ambapo kompyuta na wanadamu wamebishana. Alivua viatu. Ngozi ilitandazwa sakafuni katika chumba cha vielelezo, manyoya juu, picha ikawekwa kando yake, na mzee akalala kifudifudi katikati, na kioo cha kukuzia mkononi.

Alifanya kazi huku akieleza, labda kwa sababu alizoea kufundisha. Madoa ya chui hayafanani kwa wanyama wawili, kama alama za vidole. Tena hayafanani hata kwa mnyama mmoja, ubavu huu na ule. "Ni kama viganja vyako, binti. Vyote vyako, lakini mistari mbalimbali. Kwa hiyo kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Ukichanganya, umejidanganya." Chui wa kwenye karatasi alikuwa ameelekea kushoto, maana yake ubavu uliokuwa mbele ya kamera ni wa kushoto. Mzee alihesabu kutoka begani kwenda nyuma. Kanuni yake ilikuwa alama kumi na mbili; pungufu ya hapo ni matamanio.

Shadya alisimama ukutani. Dakika kumi. Ishirini. Mzee alichomeka pini, akaing'oa. Akachomeka kwingine, akaing'oa nayo.

"Si yeye," alisema.

"Angalia tena, mzee."

"Nimeangalia mara tatu. Nyuma ya bega kwenye picha kuna madoa matatu yaliyogusana, na chini yake doa lenye umbo la sikio. Ubavu wa kushoto wa ngozi hii hauna hata kimoja kati ya hivyo. Huyu ni chui mwingine kabisa."

Shadya aliuliza kuhusu ubavu wa kulia, na mzee akamtazama kama mwanafunzi aliyelala darasani. Aliuvuta karibu ubavu wa kulia wa ngozi, akautupia jicho ili kumridhisha, akauacha. Hapakuwa na doa lililokaa kama kwenye picha. Alianza kutafuta viatu vyake, na Shadya akamwomba kwa hisani yake asubiri kidogo, anywe walau chai, ingawa hakujua anamsubirishia nini.

Habari ilifika kwenye benchi kabla yake. Jovitha alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akiutazama ukuta. Safari alikuwa ameinama karibu naye akimbembeleza kwa upole kwamba mzee keshasema, waende wakapumzike, Mungu ndiye atakayehukumu. Shadya aliwapita, akaenda mezani kwake. Aliona aibu, na aibu kwake ilikuwa ikigeuka hasira kabla haijafika usoni. Mkuu wa kituo alikuwa ameshamwekea mezani karatasi ya kuandika barua ya kumwachia Heriel.

Aliandika mistari miwili. Kwenye mstari wa tatu alitakiwa kuorodhesha vielelezo vyote vilivyotumika, na hapo ndipo alipokumbuka flashi. Ilikuwa saa nane na robo.

Njiani kwenda kwa Amira alipigwa vikumbo na mikokoteni miwili na hakumjibu mtu. Alimkuta binti yule amepakata rundo la fulana nyeupe za harusi na mbele yake karatasi zilizotoka kwenye printa muda ule ule. Flashi ilikuwa pale pale. Shadya aliichomoa, na macho yake yakaangukia karatasi ya juu. Majina ya bwana na bibi harusi yalikuwa yameandikwa kinyumenyume, herufi zote zimegeuza nyuso kuelekea upande usio wao.

Alimwuliza Amira kama hajaona kwamba ameharibu kazi ya watu. Amira alicheka. Alichukua karatasi moja, akailaza kifudifudi juu ya fulana, akashusha mashine, akahesabu mpaka kumi na tano, akainua na kubandua. Majina yalikuwa yamekaa sawa kifuani.

"Bila kuigeuza haisomeki, dada. Kila picha ikitua hapa, kwanza naigeuza, halafu ndiyo naivuta kubwa. Miaka tisa. Mkono unafanya wenyewe."

Shadya alihisi nywele zikimsimama. Aliirudisha flashi kwenye kompyuta.

"Chui wangu ulimgeuza?"

Amira aliacha kucheka. Alifikiri, akatazama juu, akatazama mashine. Alikiri kwamba Kariakoo hii hajapata kuona mtu akileta simba au chui asiyekwenda kwenye fulana ya mpira, na kwamba alidhani karatasi ni ya kuonea kwanza. Na ule mstari wa chini wenye tarehe aliukata, kwa sababu nani anataka kuvaa tarehe. "Nisamehe, dada. Hivi ni kosa kubwa?"

Picha ilifunguka. Chui alikuwa ameelekea kulia.

Shadya alimkumbatia Amira, kitu ambacho hakikuwahi kufanywa na ofisa yeyote wa polisi kwenye Mtaa wa Sikukuu, na muuza mapazia akaizima spika yake ili aone vizuri. Sasa yote yalinyooka kichwani mwake. Ubavu uliopita mbele ya kamera ulikuwa wa kulia. Karatasi ilimwonyesha mzee ubavu wa kushoto ambao mnyama yule hakuwahi kuwa nao, na mzee, kwa uhodari wake wote, akautafuta kwenye ngozi na asiupate. Alipoutazama ubavu wa kulia aliona madoa yenyewe, lakini yamepangika kinyume cha karatasi, na jicho lake likakataa. Na Jovitha alikuwa amelisema jambo hilo hilo kwa maneno mepesi kabisa: mnyama alikuwa anatoka bondeni. Shadya alijitukana kimoyomoyo kwa tusi la Ilala na akaagiza picha mpya, kama ilivyo, na mstari wake wa tarehe.

Printa ilitapika nusu ya karatasi na kusimama. Amira aliipiga kofi ubavuni. Ikaendelea.

Alirudi mbio, karatasi ameibeba juu ya kichwa kwa mikono miwili isije ikakunjwa, huku akiomba njia kwa sauti. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umejaa na ulimpisha. Saa tisa na dakika tano alimkuta Mzee Ansbert anafunga kamba za viatu, na hakumpa nafasi ya kufunga cha pili.

Mzee alielezwa. Alizitazama karatasi mbili, moja baada ya nyingine, uso ukamwiva kama mtu aliyekutwa na chakula mdomoni mwezi wa Ramadhani. Kisha alivua kiatu, akalala sakafuni, akaomba taa.

Mara hii Jovitha naye aliitwa ndani, amshikie uzi. Pini ya kwanza iliingia kwenye madoa matatu yaliyogusana. Ya pili kwenye doa la umbo la sikio. Mzee alikuwa akitaja alama kwenye picha, Jovitha akiionyesha kwenye ngozi kabla hajamaliza kutaja, na uzi mwekundu ukawa unavutwa kutoka karatasi hadi manyoya. Tano. Saba. Sauti ya mzee ilianza kupanda. Kumi. Kumi na moja, karibu kabisa na paja, kisha ngozi ikaishia kwenye mkato wa kisu na hesabu ikasimama. Shadya alijikuta amepiga magoti bila kujua. Jovitha alipitisha kidole taratibu kwenye ukingo, akalikunjua pindo lililokuwa limejikunja na kugandana kwa mafuta. Chini yake palikuwa na doa refu lenye matundu mawili.

"Kumi na mbili," alisema Mzee Ansbert. "Ndiye. Nitaapa mahakamani, na kosa la kwanza nitalisema mwenyewe."

Jovitha alifunika uso kwa kitenge na kulia kwa sauti, na mzee akampigapiga begani. Shadya alitaka kulia naye. Badala yake aliviringisha karatasi, akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na mbili.

Heriel aliketi kwenye chumba cha mahojiano katika hali ile ile aliyokuwa nayo tangu alipoteremshwa kwenye gari la polisi asubuhi, akitokea mahabusu: shati limenyooka, mikono imekunjwa, mdomo umefungwa. Jibu lake lilikuwa moja siku nzima, kwamba anamsubiri wakili. Shadya alimwambia ana haki ya kuendelea kumsubiri, hata kama ni mpaka magharibi. Kisha alitandaza picha mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa tarehe.

Heriel aliusoma. Akausoma tena.

"Hati yako ni nzuri," Shadya alimwambia. "Ila ni ya chui mwingine. Huyu mwezi wa Machi alikuwa anatembea. Siku tatu baada ya picha hii, chini ya mti wenye kamera, aliuawa mtu anaitwa Wilbert. Alikuwa na mke, yuko hapa. Kukutwa na ngozi ni kesi moja. Mauaji ni kesi nyingine. Mpaka sasa kwenye faili langu jina ni moja tu, nalo ni lako."

Rangi ilimtoka Heriel. Alisema hajui habari ya mtu kuuawa, akaapa, na Shadya, aliyesikia viapo vingi katika chumba kile, aliuamini huo kwa jinsi ulivyomtoka nusunusu. Aliuliza kama ni kweli aliuawa. Alipojibiwa alisema jambo ambalo Shadya hakulitegemea hata kidogo.

"Sasa yeye amesemaje?"

"Nani?"

"Si mmemkamata? Nilimwona asubuhi niliposhushwa. Yuko kwenye benchi hapo nje, na mwanamke wa kitenge cheusi. Siku nzima niko hapa nasubiri aanze yeye, nijue amesema nini." Alipangusa midomo. "Alikuja mwenyewe mwishoni mwa Machi, ngozi iko kwenye gunia la makopa ya muhogo. Nilimwuliza imetoka wapi, akasema kaka yake ni askari wa wanyama, anajua njia zao zote."

Shadya alimsogezea karatasi na kalamu, akamwita askari wa zamu aketi naye, akamnong'oneza mwingine asimame kwenye lango la nje. Alifanya hayo yote bila haraka.

Kwenye korido Jovitha alikuwa amesharudi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu afike mjini uso wake ulikuwa umechangamka. Alikuwa akimsimulia shemeji yake habari za pini na uzi, na jinsi pindo lilivyokunjuka. Safari alikuwa akitikisa kichwa, akisema vizuri, vizuri sana. Alipomwona Shadya alisimama na kuomba aende mara moja kununua vocha.

"Kaa," Shadya alisema.

Alikaa. Shadya alimwomba Jovitha ahamie upande wake, na Jovitha akahama bila kuelewa, bado anatabasamu kidogo. Hapakuwa na namna ya kulisema jambo lile kwa upole, kwa hiyo alilisema lilivyo. Mwenye duka amemtaja aliyempelekea ngozi. Ni Safari. Aliileta mwenyewe Dar, wiki mbili baada ya mazishi.

Jovitha alimgeukia shemeji yake amsikie akikana. Safari alifungua mdomo. Alitazama lango, akamwona askari, akatazama chini, na kukana hakukana.

Korido ilikuwa na watu wengi wenye shida zao, na wote walikuwa wamegeuka kutazama. Jovitha hakupiga kelele wala hakumsogelea. Alikuwa akilitazama shati la kijani alilovaa Safari, lenye mifuko miwili na alama ya askari wa kijiji begani, lililotolewa siku ya arobaini nguo za marehemu zilipogawiwa, na yeye Jovitha ndiye aliyemkabidhi kwa mkono wake, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Vua shati la mume wangu," alisema.

Vidole vya Safari havikuweza vifungo. Shadya alimsaidia kile cha juu, vingine Safari akavimaliza mwenyewe, akabaki na fulana ya ndani mbele ya watu wote. Alinyoosha mikono, akafungwa pingu.

Jovitha alilipokea shati. Alilikung'uta mara moja, akalikunja vizuri, mikono kwa ndani, akaketi nalo mapajani.